Sahihi Isiyochafuka

Mume wangu hakufukuzwa kazi. Naliandika hili mwanzo kabisa, kabla ya jambo jingine lolote, kwa sababu nimelisikia likisemwa vingine kwenye foleni ya maji, kwenye ngazi za kanisa, na hata mlangoni pangu mwenyewe hapa Kianda, Kibera. Aliandika barua kwa mkono wake. Nilikuwa nimeketi kando yake alipoiandika, na nakala ninayo.

Mimi mwenyewe nilitumikia masjala ya idara moja ya serikali mpaka siku ya kustaafu. Kazi ya masjala haina sifa. Barua inaingia, inapigwa muhuri wa siku ile iliyoingia, wala si siku ambayo mkubwa angependa iwe imeingia. Inapewa namba yake, inatiwa katika faili lake. Niliwahi kuombwa na mtu wa cheo nirudishe muhuri nyuma kwa siku tatu. Nilikataa, akaninunia mwaka mzima. Nayasema haya si kwa kujisifu. Nataka msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyenyamaza miezi mitano, kama nitakavyoeleza.

Uvumi wenyewe niliupata kwa jirani anayekaanga mandazi mkabala na lango letu.

“Mama, pole na mambo ya mzee.”

“Mambo gani?”

“Si ati alibambwa na mtungi wa mafuta ya ndege? Watu wanasema alikuwa anauza huku chini.”

“Watu gani?”

“Watu tu, mama. Unataka nikutajie?”

“Ndiyo. Nitajie, niandike.”

Alicheka, akageuza mandazi yake. “Hata wewe! Kwani hii ni ofisi?”

Jirani huyu huyu, miaka ya nyuma, alikuwa amemsimamisha mume wangu njiani akamwomba lita moja tu ya yale mafuta yanayomwagwa huko uwanja wa ndege alikofanya kazi, ajaribu kuwashia stovu. Nilikuwepo. Mume wangu alimjibu kwa upole, maana hakuwa na namna nyingine ya kujibu watu: “Dada, hayo si mafuta ya taa. Huo ni moto umelala. Ukiuamsha ndani ya stovu utaondoka nao wewe na ploti yote.” Basi akaitwa mchoyo. Sasa anaitwa mwizi. Katika miaka yote ya ndoa yetu halijaingia tone moja la petroli ya ndege katika nyumba yangu, isipokuwa lile lililoingia kwenye nguo zake na kwenye ngozi yake.

Na hilo lililokuwa kwenye ngozi yake ndilo lililonifikisha hapa. Nilimjua kwa harufu kabla ya kumjua kwa sura. Nilikuwa msichana wa ofisi, nimetoka Kitui, nimepanga chumba kimoja na dada yangu katika mtaa wa Kabiro, kule Kawangware. Jumapili moja, ibada ikiendelea, nilisikia nyuma yangu harufu kali yenye utamu ndani yake. Nikageuka kuona ni nani aliyekuja na petroli kanisani. Nikamkuta kijana mrefu wa Magharibi, shati limepigwa pasi, ameshika kitabu cha nyimbo kwa ncha za vidole kana kwamba anaogopa kukichafua.

“Samahani, dada,” akaninong’oneza. “Nimeoga mara mbili.”

Mwaka uliofuata tulifunga ndoa katika kanisa hilo hilo, na dada yangu hajaacha kunitania kwamba nilivutwa na mafuta.

Alikuwa fundi wa ndege ndogo katika hanga moja, banda la kutengenezea ndege, kwenye uwanja ulio upande wa pili wa Kibera. Alikwenda kwa miguu, akitoka Kianda kabla ya mapambazuko, akikata njia za katikati mpaka Lang’ata. Kazi zake zilikuwa nyingi, lakini ile aliyoiheshimu kuliko zote ilikuwa ya asubuhi: kuonja mafuta, kama alivyoiita yeye. Hakuyatia mdomoni. Alikuwa akitoa sampuli.

Alinieleza mara ya kwanza mezani kwetu, kwa chupa tupu ya jemu, mafuta ya taa na maji kidogo. Alivimimina vyote pamoja, akatikisa, akaniambia nisubiri. Maji yakashuka chini, mafuta yakapanda juu, na katikati ukakaa mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa rula.

“Huu mstari,” akasema, “ndio uhai wa watu.”

Tangi la ndege ndogo liko ndani ya bawa. Ndege ikilala nje na tangi lina nafasi, unyevu wa usiku hugeuka matone ndani yake. Mpira wa kifuniko ukipasuka kwa jua, mvua nayo hupenya. Maji ni mazito, hukaa sehemu ya chini kabisa ya tangi, na injini huvuta kutoka chini. Ndege huweza kuwaka vizuri, ikaenda mpaka mwanzo wa njia, ikapaa juu ya mabati ya watu, halafu injini ikameza maji. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya safari ya kwanza, fundi hupiga magoti chini ya bawa, hubonyeza kijibomba kidogo, hukinga chupa angavu, kisha huangalia.

“Sasa nikuulize, mama masjala,” akaniambia siku ile ya chupa ya jemu. “Ukikinga chupa usione mstari wowote, mafuta ni safi?”

“Ni safi.”

“Umeua watu.” Alicheka nilivyokunja uso. “Mstari unaonekana kama kuna vitu viwili. Je, kama chupa yote ni maji?”

Hilo sikulisahau. Ndiyo maana, alisema, petroli ile hutiwa rangi ya buluu hafifu, na chupa huinuliwa mbele ya kitu cheupe. Ndiyo maana fundi hunusa. Ndiyo maana humwagia tone kiganjani: petroli hukauka mara moja ikaacha baridi, maji hubaki. Macho, pua, mkono. Yeye alipenda pua. Mafundi vijana walimtania kwamba pua ile ingestahili kupewa leseni yake yenyewe, kwa kuwa aliweza kusimama mlangoni mwa hanga akasema ni ndege ipi inayovuja.

Baada ya kuonja alitia sahihi katika daftari la ndege, papo hapo chini ya bawa. Hapa ndipo tulipogombana. Siku moja alileta nyumbani kurasa zilizojaa, nimsaidie kuzipanga kwa tarehe. Nilishtuka. Kila sahihi yake ilikuwa imechafuka. Wino wa biro umeyeyuka chini ya kidole gumba, umevutwa kando kama mkia wa mjusi.

“Hii ni kumbukumbu au ni kitambaa cha kufutia meza?”

“Petroli inayeyusha wino, mama. Nifanyeje?”

“Ufute mkono. Na uangalie ulichoandika kabla ya kufunga daftari. Mtu anayetia sahihi bila kuiangalia hajatia sahihi.”

Nilimshonea kitambaa cha kufutia mikono, akakipoteza, nikamshonea kingine. Sahihi ziliendelea kuchafuka. Lakini ile desturi ya kuangalia aliishika. Aliniambia baadaye kwamba kila asubuhi, kwa miaka mingi, aliitazama sahihi yake iliyochafuka, akanisikia nikimkemea, akatabasamu, ndipo akafunga daftari.

Kisha ikaja korona. Alilala wiki tatu katika chumba cha ndani, mimi nikimpitishia uji mlangoni. Alipona. Alirudi kazini amekonda, na nilishukuru. Niliona kwamba hasifii tena chakula, nikadhani ni uchovu.

Jambo lilijulikana alasiri moja nilipotoka Kawangware kumwona dada yangu. Nilipofungua mlango, gesi ilinipiga usoni. Chai ilikuwa imefurika ikazima moto, na kitufe cha jiko kilikuwa wazi. Mume wangu alikuwa ameketi dirishani anasoma gazeti, amestarehe, kiberiti kiko mezani karibu na mkono wake kwa sababu alikuwa akingoja giza liingie awashe mshumaa. Stima zilikuwa zimepotea. Nilifunga gesi, nikafungua kila kilichofunguka, nikamvuta nje kwa mkono.

“Wewe husikii?”

“Nini?”

Nikamtazama. Na yeye akanitazama, kisha akatazama chini, kama mtoto wa shule.

“Tangu lini?” nikauliza.

“Tangu ile homa.”

“Hakuna kabisa?”

“Hakuna. Hata wewe sikusikii. Nimejaribu.”

Sikujua kwamba mtu anaweza kulia kwa kukosa harufu ya sabuni ya mke wake, lakini tulilia pale uani, watu wazima, nguo za wapangaji zikitudondokea maji kichwani. Kisha nikauliza swali ambalo masjala ilikuwa imenifundisha kuuliza.

“Na kazini umewaambia?”

“Kazini nina macho. Nina mkono.”

“Hujajibu.”

“Sijawaambia.” Akafuta uso. “Nipe mpaka mwisho wa mwezi. Daktari alisema pua hurudi. Nikisema leo, kesho sitapiga tena magoti chini ya bawa lolote. Na mimi pale nimebaki na nini kingine?”

Ningeweza kumkatalia. Nilimkatalia mkubwa mwenye gari la serikali. Kwa nini nisimkatalie mtu wangu? Lakini mwezi ukaisha, nikamuuliza, akasema bado kidogo. Mwezi mwingine ukaisha. Nilianza kumchemshia mikaratusi ajifukize. Nilimwekea kitunguu saumu na karafuu puani akiwa amefumba macho, nikimuuliza hiki ni nini, naye akikisia kwa uso wangu alipofumbua. Miezi mitano. Ninaiandika idadi hiyo kwa sababu ni yangu kama ilivyo yake.

Mvua za masika zilipoanza zilinyesha usiku kucha kwa siku nne. Asubuhi ya tano aliondoka na buti mkononi. Ndege ya kwanza ilikuwa ya watu sita. Rubani na abiria wanne walikuwa wanakwenda kaskazini. Ilikuwa imelala nje, matangi nusu, na mpira wa kifuniko cha bawa la kulia ulikuwa umepasuka. Kuhusu mpira huo, niweke wazi: aliuona yeye, aliuandika yeye wiki iliyotangulia, na mpya ulikuwa haujaletwa. Ukurasa upo.

Alipiga magoti chini ya bawa la kulia, taa ya ukuta wa hanga ikiwaka rangi ya manjano. Chini ya taa ile buluu haionekani. Kila kitu huonekana kama chai ya rangi iliyopoa. Alikinga chupa, akaiinua. Hapakuwa na mstari. Akaisogeza puani kwa mazoea ya miaka, na pua, kwa mazoea ya miezi mitano, haikumwambia lolote. Mikono ilikuwa imelowa mvua, hivyo hakujaribu kiganja. Akamwaga sampuli kwenye pipa lake, akachukua daftari, akatia sahihi. Rubani naye ana wajibu wa kutoa sampuli yake mwenyewe. Lakini asubuhi ile mvua ilikuwa ikimwingia shingoni, akaiona sahihi ya mzee, akapanda.

Mume wangu akatembea kuelekea mlango wa hanga kulitundika daftari. Mlangoni palikuwa na taa nyeupe. Akafanya alichokuwa akifanya kila siku: akaitazama sahihi yake ili asikie nikimkemea.

Ilikuwa safi.

Karatasi ilikuwa imenywea pale alipoweka kidole gumba, imejikunja kama iliyodondokewa na chozi, lakini wino ulikuwa umesimama, kila herufi mahali pake. Kwa maisha yake yote ya kazi hakuwahi kutia sahihi safi namna ile. Anasema alisimama akiifurahia kwanza, mara moja tu, kama mtu aliyepata maksi kwa mwalimu mkali. Kisha akaelewa. Petroli huyeyusha wino. Maji hayawezi.

Alikimbia. Ana goti bovu na alikimbia. Rubani alikuwa amefunga mkanda, mkono uko kwenye swichi. Mume wangu alijitupa mbele ya dirisha akapishanisha mikono yake hewani, daftari likaangukia tope.

“Mzee, niaje tena?” rubani akauliza akifungua kidirisha. “Si umesaini?”

“Nimesaini maji,” akasema. “Shukeni.”

Walitoa chupa baada ya chupa kutoka bawa lile, na zote zilikuwa maji, mpaka hatimaye ukaonekana ule mstari, na juu yake buluu.

Alifika nyumbani saa nne asubuhi, wakati ambao hajawahi kufika, tope mpaka kiunoni. Alinieleza yote akiwa amesimama, hakutaka kukaa. Nilimvua buti. Kila nililotaka kusema lilinihusu na mimi. Alipomaliza akaniomba karatasi.

Hii ndiyo barua, neno kwa neno: “Nimepoteza uwezo wa kusikia harufu tangu nilipougua, na sikuwajulisha. Asubuhi ya leo niliidhinisha sampuli ya bawa la kulia nikiamini ni petroli. Ilikuwa maji. Naomba jina langu liondolewe katika orodha ya wanaoidhinisha mafuta.”

“Taja na mpira wa kifuniko,” nikamwambia. “Si kosa lako.”

“Mpira una ukurasa wake. Huu ni wa pua.”

“Basi niandike na mimi. Nilijua.”

Kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. “Wewe huna leseni, mama.”

Jumapili msimamizi wake alikuja kwetu, mtu wa heshima zake, kijana kwa miaka kuliko sisi. Alikunywa chai, akaitoa ile barua mfukoni akaiweka mezani.

“Mzee, ndege iliruka?”

“Haikuruka.”

“Kuna mtu ameumia?”

“Hakuna.”

“Sasa hii barua ni ya nini? Tuipasue, upone polepole, tusahau.”

“Hiyo barua si ya jana,” mume wangu akasema. “Ni ya kesho.”

Msimamizi alinigeukia mimi, akitumaini kwamba mke atamwokoa mume. Nilikuwa nimemwokoa miezi mitano. Niliichukua barua, nikaikunja vizuri kwa mikunjo yake ile ile, nikamrudishia mkononi. “Ipige muhuri wa siku uliyoipokea,” nikamwambia.

Kumbukumbu basi ziwe hivi. Aliondolewa katika orodha kwa ombi lake. Alihamishiwa stoo ya vifaa, akatunza spana na mipira ya vifuniko mpaka mkataba wake ulipofika mwisho, akaagwa kwa keki. Taa ya manjano kwenye ule ukuta ilibadilishwa, na sampuli pale siku hizi hutiwa sahihi na watu wawili. Hakuna mtungi. Hakuna aliyebambwa. Jirani yangu wa mandazi nilimsomea nakala ya barua akiwa na unga mikononi, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Kumbe ni pua tu!” Kisha akanifungia mandazi mawili, akasema ni ya mzee, na kwamba nimwambie yana iliki, kwa kuwa mwenyewe hatajua.

Pua haikurudi. Sasa mimi ndiye ninayemnusia. Maziwa yakichacha mimi ndiye ninayesema. Gesi naikagua asubuhi na jioni. Lakini hayo hayamtoshi. Anataka na yasiyo na hatari. Mvua ya kwanza ikipiga vumbi la njia yetu huniuliza inanukaje, nami niliyezoea kuandika “imepokelewa” na “imeshughulikiwa” hujikuta nikitafuta maneno. Namwambia inanuka kama chungu kipya kilichotiwa maji. Huwaza kidogo, halafu huitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea taarifa.

Wiki iliyopita alitoa sandukuni ovaroli yake ya mwisho. Niliifua mwenyewe mara nyingi, peke yake, mbali na nguo nyingine. Akaiweka mapajani pangu, akakaa karibu.

“Bado ina petroli?”

Niliinua kola puani. Nikajaribu makwapa, mishono, mfuko wa kushoto alimokuwa akiweka kitambaa nilichomshonea. Nilitaka sana iwepo. Alikuwa akinitazama kwa uso wa mtu aliyekinga chupa na kuiinua, na nilijua kwamba neno moja lingempa ile Jumapili ya Kawangware nzima nzima, na kwamba hangekuwa na njia yoyote ya kulihakiki.

“Hapana,” nikamwambia. “Ni sabuni tu.”

Kisha akaichukua ovaroli, akaikunja, akaniegemea begani.

“Haya,” akasema. “Na chai je, imeungua?”

“Inaanza.”

Akainuka kuizima.